Jibu: Kwa nini joto la mpito hushuka ukitoa spini kwenye kimia?

Karibu, mdogo wangu wa Tukuyu. Umeuliza kwa nini joto la mpito, yaani joto ambalo juu yake usumaku hupotea, linashuka unapoondoa spini baadhi kwenye modeli ya Ising. Hii ni modeli ya kihesabu ya sumaku: spini, yaani visumaku vidogo vinavyoelekea juu au chini, zimepangwa kwenye kimia, yaani gridi. Kila spini husikiliza majirani zake tu. Kwenye kimia cha mraba kisicho na pengo, mwanasayansi Lars Onsager alionyesha mwaka 1944 kwamba mpito hutokea kT/J ikiwa takribani 2.269 (T ni joto, k ni namba thabiti ya Boltzmann, J ni nguvu ya kuathiriana kati ya majirani). Ukiweka mapengo ovyo ovyo, majirani wanapungua, hivyo joto dogo zaidi linatosha kuvuruga mpangilio. Na hapa ndipo penye utamu wenyewe: spini zikibaki kwenye chini ya asilimia 59.3 hivi ya nafasi zote, hakuna kundi la spini zilizopakana linalovuka kimia chote, na usumaku wa jumla hautokei hata ukikaribia sifuri ya Kelvin! Ukiwa na kompyuta hapo chuoni Mbeya, rudia hesabu kwa mipangilio mingi ya mapengo. Mmoja pekee utakupotosha.