Kabla ya Kugawa Nakala za Ave Verum ya Byrd, Mjue Mhariri Wake

Tangu kwaya yetu ilipoimba Ave verum corpus ya William Byrd baada ya komunyo, katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo mwaka huu, walimu wenzangu kadhaa wameniandikia wakiomba solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa silabi za do, re, mi. Mmoja aliniuliza kama kweli waumini wa kawaida wa parokia, wasiosoma nota za mistari, wanaweza kuimba Kilatini kwa sauti nne bila kinanda. Wanaweza, na wetu waliimba vizuri. Nalisema hilo kwa fahari. Lakini kwa yeyote mwenye hamu kama yetu, nasisitiza jambo moja: kazi yote huanzia kwenye nakala utakayoichagua.

Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ambako Misa ilikuwa imepigwa marufuku, na wimbo huu aliuchapisha mwaka 1605 katika mkusanyo uitwao Gradualia. Mwaka huohuo Mfaransa mmoja alikamatwa na kutiwa gerezani London kwa sababu ya kukutwa na vitabu hivyo. Navyo vilikuwa vitabu kweli, kwa wingi, kwa maana kila sauti ilichapishiwa chake: mwimbaji wa besi aliona sehemu yake peke yake, bila mistari ya kugawa mapigo na bila alama za kupaza au kufifisha sauti. Kwa hiyo ukurasa wowote wa leo unaozipanga sauti nne moja juu ya nyingine umepitia mikono ya mhariri. Wako wanaopunguza thamani za nota kwa nusu, wako wanaopandisha au kushusha ufunguo, na wahariri wengi wa zamani waliongeza alama za nguvu ya sauti ambazo Byrd hakuziandika. Matoleo makini, kama yale yaliyosimamiwa na marehemu Philip Brett, humwonyesha msomaji kipi ni cha mtunzi na kipi kimeongezwa. Kwa kawaida shapu, yaani alama ya kupandisha nota kwa nusu hatua, iliyo kando ya nota imetoka katika chapa ya kale, na ile ndogo iliyo juu ya nota ni maoni ya mhariri.

Mimi niliupokea wimbo huu kwanza kama fotokopi ya solfa isiyo na jina la aliyeiandika. Mwanzoni kabisa, "Ave" inapoelekea "verum", soprano wanapaswa kuimba se, yaani F shapu, na papo hapo besi wanafuata na so, yaani F ya kawaida. Sikio linashtuka, na huo mshtuko ndio uhai wa wimbo. Katika fotokopi ile soprano walikuwa wameandikiwa so, na mgongano wote ulikuwa umefutwa. Nililinganisha matoleo ya wahariri mbalimbali, yakiwemo yanayopatikana bure katika tovuti ya nota za kwaya iitwayo Choral Public Domain Library, nikakuta yote yana shapu, kisha nikaandika solfa yangu upya.

Baadaye, kwenye semina ya kwaya, mwezeshaji mmoja alitusimamisha mbele ya kwaya nyingine akatangaza kwamba soprano wangu hawajui kusikiliza, na akawaamuru waimbe so. Nilikuwa na nakala mkononi. Hakutaka hata kuitazama. Mama mmoja aliyeimba kanisani tangu usichana wake aliondoka akilia. Jambo hilo bado linaniuma, na ndiyo maana nawasihi walimu: someni dibaji ya toleo, tafuteni jina la mhariri, linganisheni. Anayefundisha kutoka karatasi isiyo na jina hana haki ya kumkemea mwimbaji.

Kuhusu Kilatini sina mengi, kwa sababu vokali zetu tano zinatosha kabisa, na "dulcis" hutamkwa dulchis kama ilivyo desturi ya Kanisa. Penye kazi kubwa ni "miserere mei", ambapo sauti zinaingia kila moja kwa wakati wake. Mistari ya mapigo aliyoiweka mhariri huwashawishi waimbaji kugonga pigo la kwanza, ilhali uzito uko kwenye neno: mi-se-RE-re ME-i. Nilipoandika solfa niliipigia mstari silabi nzito katika kila sauti, na waimbaji wa sauti ya tena, ambao walikuwa wakiburuza, wakatulia. Hapo pia ilinibidi nijue mistari ile ni ya nani.

Solfa yangu nitampa mwalimu yeyote atakayeiomba, kwa sharti kwamba kabla ya kuigawa aiweke kando ya toleo la nota lenye jina la mhariri, aipitie sauti kwa sauti, na akikuta tofauti aniandikie.