Jenereta inaigwa au inaigizwa?

Kijana mmoja anaesomea umeme hapa Unguja kaandika ripoti ya jenereta sinkronasi, ile ambayo mwendo wake wa kuzunguka unakwenda sambamba na mapigo ya umeme inaoutoa, kaniuliza: "Mwalimu, ripoti yangu nimeipa kichwa 'Kupima vigezo vya jenereta sinkronasi kwa kuigiza na kujaribu', mwenzangu kaisoma akacheka, nimekosea wapi?"

Mwanangu, hukukosea sana lakini kucheka nnamwelewa. Kuigiza ni mambo ya jukwaani, mtu anajifanya mgonjwa na wala haumwi, sasa jenereta yako iigize nini? Programu ya kompyuta inaiga tabia ya mashine, unaipa namba zake halafu unatazama ikipigwa shoti mkondo unapanda vipi na unashuka vipi, kwa hiyo sema kuiga, au uigaji. Mafundi wengi utawasikia wanasema simulesheni na mimi siwakatazi.

Kigezo ndo penye utamu. Limetoka kwenye kugeza, yaani kuiga au kufuatiza kipimo, kama fundi cherahani anapoichukua kanzu yako ya zamani akakatia mpya, ile ya zamani ndo kigezo. Kwahiyo kigezo ni kitu cha kulinganishia, ndo maana matangazo ya simu yanamalizia na "vigezo na masharti kuzingatiwa". Riaktansi ya jenereta, yaani vile koili zake zinavyouzuia mkondo unaobadilikabadilika, hailinganishiwi na chochote, ni tabia ya mashine yenyewe, andika parameta uishi kwa amani.

Sasa hilo kupima, hapa ndo nnapokubana kidogo. Kinachopimwa ni kile mita inachokionesha. Unaizungusha jenereta mwendo wake, ikiwa ya ncha 4 za sumaku na umeme wa 50 Hz basi mizunguko 1500 kwa dakika, unaacha nyaya wazi unasoma volti, halafu unaziunganisha zote tatu makusudi, shoti ya kutaka mwenyewe, unasoma ampea, na ule mkondo unaoipa nguvu sumaku ya jenereta usiubadilishe. Tuseme fezi moja umepata volti 230 na ampea 10, ukigawa unapata omu 23, na ukiudharau ukinzani wa waya kwa kuwa ni mdogo, hiyo ndo riaktansi yako. Volti umeipima, ampea umeipima, hiyo 23 hukuipima bwana, umeikokotoa! Neno linalobeba yote mawili ni kubainisha.

Na "kujaribu" peke yake linasikika kama umebahatisha, kama sote tulivyokuwa tunajaribu kuviwasha vijijenereta vyetu ule umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009 mpaka Machi 2010, unavuta kamba mpaka bega linauma. Kitu chenye utaratibu ni jaribio, wingi majaribio.

Basi andika: "Kubainisha parameta za umeme za jenereta sinkronasi kwa uigaji na majaribio". Sinkronasi liache hivyohivyo, maana ukisema "sawazishi" kuna mtu atadhani unazungumzia tairi.