Oili ya IST kwa njia za Tabora na Urambo: usikimbilie 20W-50, shughulika na vumbi

Mkuu uliyeuliza kuhusu IST, naomba nikujibu kwa kirefu, maana ulichoambiwa na fundi na ulichoambiwa dukani nakisikia karibu kila wiki hapa Tabora. Kwa wanaopita tu: jamaa kanunua Toyota IST yenye injini ya 1NZ, iliyotoka Japani, anakaa Isevya, kazi yake ni ya tumbaku, kwa hiyo anakwenda Urambo na kuingia vijijini kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Fundi kamwambia aweke 20W-50 "kwa sababu huku ni joto" na abadilishe kila kilomita 3,000. Muuza duka kamwambia achukue sintetiki, asahau mpaka kilomita 10,000. Sasa hajui amsikilize nani.

Mimi naona hivi: uzito wa oili unaamuliwa na injini, muda wa kuibadilisha unaamuliwa na njia unazopita. Fundi wako amevichanganya hivyo viwili, na muuza duka hakukuuliza unapita wapi. Nimekaa gereji hapa mjini miaka mingi, na injini nilizofungua zikiwa zimekwisha, nyingi zilikuwa zimekula vumbi, au zimetembea na oili iliyochoka, au zimekauka kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuchomoa stiki ya kupimia oili. Ya kufa kwa oili kuwa nyepesi mno, wakati ni ile iliyotajwa kwenye kitabu chake, sijaikuta.

Tuanze na joto. Gari lako limetoka Japani. Tokyo mwezi wa 8 joto hupita nyuzi 35, na magari kama lako yanakaa kwenye foleni kiyoyozi kikiwaka, ndani yake kuna 5W-30 au hata 0W-20. Tabora mwezi wa 9 na wa 10, miezi yetu ya jua kali, mchana unacheza kwenye nyuzi 32 au 33. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unashuka mpaka 15 hivi. Isitoshe, injini ikishapata moto, themostati na rejeta zinaishikilia kwenye nyuzi 90 hivi, nje kuwe na baridi ya Mufindi au jua la Dodoma. Hoja ya "huku ni joto" haina miguu.

Katika 5W-30, namba ya mbele inahusu oili ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili inapanda juu ya injini upesi unapowasha asubuhi. Ya nyuma inapimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 ina mnato wa 9.3 mpaka chini ya 12.5, ya 50 ni 16.3 mpaka chini ya 21.9. Kwa hiyo ukitoka 30 kwenda 50 umeruka mbali sana. Na 1NZ ina VVT-i, mfumo unaosogeza kemu (shafti inayofungua valvu) kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Cheni ya taimingi nayo inakazwa na oili hiyohiyo. Oili nzito inachelewa kufika huko asubuhi ya kipupwe, na sekunde hizo za kwanza zinakula vyuma.

Siwalaumu mafundi wetu. Wengi walijifunzia kwenye Hilux na Corolla za zamani, injini zilizopokea 20W-50 bila taabu, na walichokiona kikifanya kazi ndicho walichokishika. Ila injini zimebadilika.

Kuna wakati hata mimi napandisha uzito: injini iliyotembea sana na inayokula oili. Hapo 5W-40 au 10W-40 inapunguza ulaji, lakini usidhani umetibu. Wenye Spacio, Premio na RAV4 za injini ya 1ZZ za miaka ya mwanzo ya 2000 wananielewa. Pistoni za injini zile zilikuwa na vitundu vidogo vya kurudisha oili, vikiziba kwa uchafu ringi zinashindwa kufuta ukuta wa silinda. 1NZ yako haina ugonjwa huo kwa kiwango kile. Weka 5W-30.

Kwenye galoni tafuta pia daraja la ubora la API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi ya S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. SN ilitoka 2010, SP ikaja 2020. Yoyote kati ya hizo inakutosha. Ukiona SF au SG, hizo ni daraja za miaka ya 1980, iache hapohapo rafuni hata kama bei inavutia.

Sasa muda wa kubadilisha, ambapo ndipo penye kazi. Toyota kule Japani, kwa magari ya petroli yasiyo na tabo, wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Wengi wanaishia hapo. Lakini wanaongeza kwamba kwa matumizi magumu ni nusu yake, yaani kilomita 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu wanayataja wenyewe: barabara mbovu, safari fupifupi, gari kuunguruma muda mrefu likiwa limesimama, mwendo wa polepole. Sasa weka siku yako ya kazi kando ya orodha hiyo.

Lami ya Tabora kwenda Urambo, kilomita tisini na kitu, haina ubaya wowote kwa oili. Ni safari nzuri kabisa: injini inapata moto sawasawa, unyevu na petroli iliyochuruzika kwenye oili vinageuka mvuke na kutoka. Tatizo linaanza unapoiacha lami kuelekea vijijini kiangazi, nyuma ya Fuso lililobeba mitumba ya tumbaku, vumbi mbele huoni. Halafu unafika, soko halijaanza, unakaa ndani ya gari kiyoyozi kikiwaka kwa muda wa saa mbili. Kilomita hazisogei lakini injini inafanya kazi. Wenye magari ya kazi huhesabu saa moja ya kuunguruma kama kilomita 40 mpaka 50 za mwendo, na mimi naona ni hesabu ya haki. Jumapili nayo unatoka Isevya kwenda sokoni na kurudi, injini haijapata moto unazima. Mvua za mwezi wa 11 zikianza, safari za namna hiyo zinaacha maji ndani, na chini ya kifuniko cha oili unakuta uji mweupe.

Kwa hiyo kwako: sintetiki halisi ya 5W-30, badilisha kati ya kilomita 5,000 na 6,000 miezi ya kiangazi unapozunguka vijijini, na usipite 7,500 hata kipindi unachotembea lami tupu. Oili ya kawaida ya madini, 4,000 mpaka 5,000. Miezi 6 ikifika kabla ya kilomita, badilisha. Zile 3,000 za fundi hazitaumiza injini, zitaumiza mfuko tu, na hela hiyo naijua pa kuipeleka: ea klina, yaani kichujio cha hewa ya injini.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Vumbi la njia zetu lina chembe za mchanga, ngumu kuliko ukuta wa silinda, na likipenya huchanganyika na oili likawa msasa unaozunguka injini nzima. Hakuna oili ya bei yoyote itakayokulinda na hilo. Nunua ea klina nzuri, ikague kila baada ya wiki mbili za kutembea vijijini, na ukiipuliza kwa upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali. Nimeona watu wanaziosha za karatasi kwa petroli, nyingine wanazipigapiga kwenye tairi mpaka zinachanika mikunjo. Iliyooshwa namna hiyo tupa. Kisha fungua bomba linalotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye injini, pitisha kidole kwa ndani. Ukitoka na unga laini, kuna mahali vumbi linapita pembeni: klipu haijabana, mpira umepasuka, au ea klina si ya gari hilo. Ziba hapo kwanza kabla hujazungumzia oili gani.

Filta ya oili ibadilishwe kila unapomwaga oili. Ikiziba, valvu yake ya ndani inafunguka na oili chafu inapita bila kuchujwa, taa haitawaka wala hutasikia kitu. Filta hafifu utaitambua asubuhi: injini inakohoa makelele ya chuma kwa sekunde chache kisha inatulia, maana oili yote ilishuka chini usiku badala ya kubaki kwenye filta.

Kuhusu oili feki, tatizo lipo na linaniuma, kwa sababu mtu anajinyima anunue kitu kizuri halafu anauziwa oili iliyotumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye galoni safi. Angalia sili ya kifuniko kama imekatika, alama ya TBS (Shirika la Viwango), na namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni lenyewe. Ikiwa imefutwa au karatasi imebandikwa upya, ondoka. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, ujue kuna sababu. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa mimi siiweki kwenye gari la mteja labda pipa nimelishuhudia likifunguliwa. Na ukishamimina ya kwako, toboa galoni tupu kwa bisibisi kabla hujaliacha gereji. Magaloni mazima yananunuliwa, na hujui yanarudi na nini.

Oili ya zamani usikubali imwagwe chini, hasa mtaa wenye visima. Ihifadhi kwenye dumu. Wapo wanaoihitaji kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, ila wasiishike kwa mikono mitupu.

Kuna wawili waliouliza chini yako. Wa bodaboda: usiweke oili ya gari. Kwenye pikipiki nyingi oili hiyohiyo inahudumia klachi na gia, na oili za gari zenye viongezo vya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki, na kwa kuwa inaingia lita moja tu hivi, inachoka mapema. Fuata kitabu na usivute. Na rudisha ile ea klina uliyoitoa "ili ivute vizuri". Wa Land Cruiser ya injini ya 1HZ anayepiga Kibondo na Kasulu: wewe ni dizeli, 15W-40 ya daraja la API CI-4 inakufaa kabisa, na usiogope ikiwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilisha, kwani masizi ya dizeli ndiyo kazi yake kuyabeba.

Tukirudi kwako, mkuu. Usiamini stika ya Kijapani ya kubadilisha oili iliyo mlangoni au chini ya boneti bila kuisoma vizuri. Mwaka wao unaweza kuandikwa Heisei 27, ambayo ni 2015, au Reiwa 2, ambayo ni 2020. Hujui gari lilikaa bandarini na yadi muda gani, kwa hiyo mwaga oili iliyomo wiki hii, weka mpya na filta, kisha mwaga tena baada ya kilomita 2,500 kusafisha mabaki. Baada ya hapo ndipo ufuate ratiba niliyokupa. Injini hiyo inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo usimimine galoni zima la lita 4. Inayobaki iweke kwenye buti ya kuongezea. Ikizidi alama ya juu inapigwa na krenki inatoa povu, na povu halilainishi.

Pima kila wiki, gari likiwa pahala tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Usingoje taa nyekundu ya oili, ile inapima presha. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini papo hapo hata kama ni katikati ya pori la Kaliua. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza chomoa stiki uangalie imeshuka kiasi gani. Ikiwa imefika nusu ya nafasi kati ya alama mbili, rudi kwenye uzi huu uandike, tuangalie kwanza valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) na sili za nje kabla mtu hajakwambia uifungue injini.