Maswali na Majibu: Kusafiri Kwenda Dansi za Mavazi ya Kale

Ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda dansi ya mavazi ya kale, yaani usiku wa kucheza ukumbini watu wakiwa wamevaa mitindo ya karne zilizopita. Niende Venice, Vienna au Bath?

Jiulize kwanza kama unakwenda kutazamwa au kucheza. Kanivali ya Venice, sherehe ya barakoa kabla ya Kwaresima, iliyokoma baada ya Jamhuri ya Venice kuanguka mwaka 1797 na kufufuliwa mwaka 1979, ni ya watu wanaopenda kutazamana, na katika dansi za majumba yake ya kifahari karamu na maonyesho huchukua sehemu kubwa ya usiku. Huko Bath, Uingereza, ambako Tamasha la Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, hufanyika kila Septemba, wageni huvaa mitindo ya mwanzoni mwa karne ya 19 na hucheza hadi jasho liwatoke. Ikulu ya Versailles, Ufaransa, nayo huandaa usiku wa Fêtes Galantes, ambao huingii bila vazi la mtindo wa baroki, yaani wa Ulaya ya karne ya 17 na 18. Kuhusu Vienna, wengi hujichanganya: Dansi ya Opera, inayofanyika Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu, si ya mavazi ya kale hata kidogo, kwani wanaume huvaa koti jeusi lenye mkia na tai nyeupe ya kipepeo, na wanawake gauni la kufika sakafuni. Anayetaka barakoa mjini humo aitafute Rudolfina-Redoute katika jumba la Hofburg, Jumatatu ya kanivali, ambako wanawake hufunika nyuso hadi saa sita usiku, na mpaka wakati huo wao ndio wanaowaalika wanaume kucheza. Mgeni kabisa ningempeleka Bath.

Je, ni lazima nijue kucheza, au vazi zuri linatosha?

Halitoshi. Mimi huona ajabu jinsi mtu anavyoweza kumlipa mshonaji fedha nyingi, akanunua tiketi ya ndege, kisha akakaa kitini usiku kucha kwa sababu hakujifunza hatua hata moja. Anza kwa kujua dansi ya enzi unayoivalia. Kwa mavazi ya mwanzoni mwa karne ya 19 utahitaji zaidi dansi za safu, ambamo wanaume na wanawake husimama wakitazamana na kila jozi husogea nafasi moja baada ya kila mzunguko. Polka haina nafasi hapo, kwa kuwa ilienea Paris na London katika miaka ya 1840. Kwadrili huchezwa na jozi nne zilizopanga mraba na ina sehemu tano, nayo haikisiwi papo hapo. Walzi ya Vienna ina mapigo yapatayo 180 kwa dakika, kwa hiyo jifunze kuzunguka kulia na kushoto kabla hujasafiri. Dansi nyingi za aina hii hutanguliwa na mazoezi ya mchana; usiyakose.

Tena, fanya mazoezi ukiwa umevaa vazi lenyewe. Koseti, vazi la ndani linalobana kiuno, hupunguza pumzi. Krinolini ya pete za chuma, yaani fremu ya kutanua sketi, iliyopata hataza mwaka 1856, ina tabia yake: mwenzako akiibana upande mmoja, upande wa pili huinuka, na ukumbi mzima utaona soksi zako.

Nishone au nikodi?

Kwa Venice, kodi: mji una karakana zinazokodisha mavazi ya karne ya 18, ila uweke nafasi na kutuma vipimo mapema. Kwingineko, shona ikiwa una fundi mvumilivu. Mwambie kwapa la gauni likatwe dogo na juu, kama walivyokata mafundi wa zamani, kisha siku ya kujaribu inua mikono yote miwili. Kiwiliwili cha gauni kikipanda pamoja na mikono, lirudi mezani. Kuhusu barakoa, iache moretta, ile nyeusi ya mviringo inayoshikiliwa kwa kung'ata kifungo, maana aliyeivaa hawezi kusema neno. Bauta, yenye kidevu kilichochomoza, humwachia mtu nafasi ya kula na kunywa.

Nina kipepeo cha kujipepea cha pembe za ndovu na kitana cha gamba la ng'amba, vyote vya kale. Naweza kusafiri navyo?

Viache nyumbani. Biashara ya kimataifa ya viungo vya wanyama hawa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, na mtu anayedai kwamba kitu chake ni cha kale huenda akatakiwa kuonyesha hati za kuthibitisha hivyo. Afisa wa forodha hana sababu ya kukuamini kwa maneno. Hali ni hiyo hiyo kwa koseti za zamani zilizotiwa mifupa ya nyangumi. Manyoya nayo yana mambo yake: Marekani ina sheria ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamao, na kofia ya kale yenye manyoya ya yangeyange inaweza kukuingiza matatani. Manyoya ya kuku au bata bukini yaliyotiwa rangi hupendeza vilevile, na kipepeo cha mbao hupepea sawasawa.

Nipange vipi mizigo?

Viatu, koseti na gauni vibebe mkononi, kwa sababu sanduku likipotea hivyo havipatikani kwa siku moja, ilhali sketi ya ndani unaweza kuazima. Pete za krinolini na upanga wa mapambo viende kwenye mzigo wa chini.

Na viza?

Italia, Austria na Ufaransa zimo katika eneo la Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uingereza ina viza yake. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ambatanisha tiketi ya dansi. Huonyesha kusudi la safari.

Nitakuwa peke yangu. Nani atacheza nami?

Katika dansi za safu ni kawaida kubadilishana wenzi, na wazoefu hupenda kumshika mkono mgeni. Walzi ndiyo ngumu zaidi kwa asiye na mwenzi, hivyo tumia mazoezi ya mchana kufahamiana na watu na kuahidiana. Adabu moja ya zamani ingali inafuatwa: ukimkatalia mtu dansi fulani, usiicheze na mwingine. Kaa hadi iishe, unywe maji, kisha umtafute yule uliyemkatalia kwa dansi inayofuata.