Jibu: Fizi kutoa damu wakati wa mimba

Dada, umeuliza kama uache mswaki kwa kuwa mimba ina miezi 4 na fizi zinatoa damu kila asubuhi. Usiache! Mke wangu aliacha wiki mbili, hapa Kadutu, Bukavu, akawa anasukutua na maji ya chumvi tu. Fizi zikavimba zikawa nyekundu kama nyanya, hata kutafuna bugali ikawa kazi.

Homoni za mimba ndizo zinafanya fizi ziwe laini, na uchafu unaokaa pembeni ya jino unazichokoza. Ukiuacha pale, damu inazidi. Chukua mswaki laini, uulaze kidogo kuelekea fizi, usugue polepole asubuhi na usiku. Makala (makaa) ya kusaga wanayokushauri majirani usugulie meno achana nayo, inakwangua jino.

Ukitapika, usikimbilie mswaki: asidi ya tumbo imeshalainisha jino. Sukutua na maji yenye kijiko kidogo cha bikarbonati (baking soda), ngoja kama nusu saa hivi. Na kwa daktari wa meno unaweza kwenda hata sasa, mwambie tu una mimba. Miezi hii ya katikati ndiyo mizuri kwa kazi hiyo.

Kuhusu mama yako mwenye sukari: fizi zake zinaoza haraka zaidi, na zikioza sukari nayo inagoma kushuka. Yale meno ya bandia ayavue usiku, ayaweke kwenye maji.

Mtoto akizaliwa, jino la kwanza likitokeza tu, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele.