Maswali na Majibu ya Magari: Pima Sensa ya Throtoli Kabla ya Kuinunua

Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Nikikanyaga mafuta taratibu linashtuka, linasita, kisha linachomoka. Fundi amenituma Gerezani nikanunue sensa ya throtoli iliyotumika. Niende? (Dar es Salaam)

Usiende bado. Sensa hiyo huiambia kompyuta ya injini jinsi throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, ilivyofunguka. Plagi zilizochoka huleta dalili hizohizo, na mpira wa hewa uliopasuka pia. Gari lako halihitaji hata mashine ya kusoma hitilafu. Kwenye kiboksi cha ukaguzi chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga starta, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mara nne, ikatulia kidogo, kisha mara moja: hiyo ni 41, kompyuta inalalamikia sakiti ya sensa ya throtoli. Nasema sakiti, kwa sababu waya na soketi nazo zimo humo. Mafundi wengi wakishaona namba hiyo wanakimbilia dukani, na hela inayopotea ni ya mwenye gari.

Chukua mita ya umeme. Swichi imewashwa, injini imezimwa, soketi imechomekwa. Gusa waya kwa upande wa nyuma wa soketi. Kati ya VC (waya unaoleta umeme kwenye sensa) na E2 (ethi yake) upate takriban volti 5. Zisipokuwepo, usiilaumu sensa bado: tafuta waya uliokatika, au sensa yoyote iliyopiga shoti kwenye laini hiyohiyo ya volti 5. Zikiwepo, pima VTA (waya unaopeleka jibu la sensa kwenye kompyuta) na E2. Throtoli ikifungwa, volti 0.3 hadi 0.8, ikifunguliwa yote, 3.2 hadi 4.9.

Usiishie kwenye ncha hizo mbili, kama wanavyofanya wengi. Fungua kipepeo (kibati kinachozunguka ndani ya throtoli) polepole mno huku ukitazama mita. Volti zipande bila kuruka wala kudondoka. Zikidondoka mahali palepale kila mara, sensa imekwisha. Hapo nunua, tena mpya. Ya mtumba siishauri. Ndani mna utepe wa kaboni unaosuguliwa kila unapokanyaga mafuta, na husagika zaidi kwenye ufunguzi mdogo, ambako throtoli hukaa muda mwingi wa safari. Iliyochomolewa kwenye gari lililotembea sana huenda imeliwa papo hapo ilipoliwa ya kwako.

Gari linatetemeka likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta. Ni sensa gani? (Wasomaji kadhaa, tena)

Hakuna anayeweza kujibu kwa sentensi hiyo. Andikeni aina ya injini, mwaka wa gari, namba ya hitilafu na kilichokwisha kubadilishwa. Na kabla ya kuandika, safisheni throtoli na vali ya hewa ya sailensa.

Fundi alifuta hitilafu kwa mashine, taa ikarudi kesho yake. (Arusha)

Alifuta ujumbe tu. Usimlipe tena kwa kazi hiyo.

Nimefunga sensa mpya ya throtoli kwenye Carina ambayo throtoli yake huvutwa kwa kebo. Sasa resi hazishuki vizuri na gia za otomatiki zinachelewa kubadilika. (Mwanza)

Mliikaza bila kuirekebisha. Matundu ya skrubu zake ni marefu makusudi, ili izungushwe kidogo. Legeza, izungushe mpaka IDL (swichi ya sailensa iliyo ndani ya sensa) na E2 zigusane throtoli ikiwa imefungwa na ziachane inapoanza kufunguka, kwa kipimo cha mwanya kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. IDL isipogusa, kompyuta haijui kwamba umeondoa mguu. VTA ikiwa juu kupita kiasi, gia zinazoongozwa na kompyuta hudhani umekanyaga zaidi na huchelewa kupanda. Na mtu yeyote asiguse skrubu inayozuia kipepeo ili kushusha resi. Si kazi yake, na ikishachezewa vipimo vyote hapo juu vinapoteza maana.

Langu ni la throtoli ya umeme. Mashine inasema P2135. Natafuta sensa peke yake siipati. (Mombasa)

Kwa magari mengi ya aina hiyo hutaipata. Inauzwa pamoja na throtoli nzima. Ndani mna sensa mbili, na kompyuta huzilinganisha. Zisipokubaliana, inapunguza nguvu na gari linajikongoja. Lakini throtoli nzima ni ghali, kwa hiyo chomoa soketi kwanza. Chumvi ya pwani na kuosha injini kwa maji ya presha huleta kutu kwenye pini. Ukiisafisha throtoli, nyunyizia dawa kwenye kitambaa, usiielekeze ndani, wala usisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Baada ya kufunga mpya, kompyuta ifundishwe sailensa upya kwa utaratibu wa gari hilo.

Naweza kuendesha hivihivi mpaka mshahara? Kila wiki natoka Morogoro kwenda Iringa. (Morogoro)

Hapana. Utapanda mlima Kitonga nyuma ya malori, utaamua kulipita moja, na gari litasita ukiwa upande wa wanaoshuka. Wiki hii panda basi. Mita mwombe fundi redio wa mtaani kwako, upime jioni hii. Huenda ni soketi tu na hutahitaji kusubiri mshahara.