Petroli, jiolojia au ualimu wa sayansi: jibu langu kwa anayemsaidia mdogo wake kuchagua kozi

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi: mdogo wako wa kike amemaliza kidato cha sita kwa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), ana daraja la pili, na kozi mnazozifikiria ni tatu: Uhandisi wa Petroli, Jiolojia, na Sayansi pamoja na Ualimu. Mzee anataka petroli kwa sababu kila siku anasikia habari za bomba la Tanga na gesi ya Lindi. Mama anataka ualimu kwa sababu ya mkopo. Yeye mwenyewe anapenda mawe na ramani. Mimi nilisoma jiolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na taaluma hiyo imenilisha kwenye mgodi, kwenye visima vya maji, na sasa kwenye kazi za ramani. Nitajibu kwa kirefu, naomba mnivumilie.

Msimamo wangu ni kwamba shahada ya kwanza isifungwe kwenye sekta moja. Asome fani ambayo sekta kadhaa zinaihitaji, kisha ubobezi aufuate kazini au kwenye shahada ya pili.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa chuoni wakati gesi ndiyo ilikuwa habari ya nchi. Kuanzia 2010 kampuni za kigeni zilikuwa zinachoronga, yaani kutoboa miamba kutafuta gesi, kwenye kina kirefu cha bahari upande wa Lindi na Mtwara, na ugunduzi ulikuwa unatangazwa mmoja baada ya mwingine. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam likaanza kujengwa. Vyuo vikafungua kozi za petroli, na vijana wenye alama kali wakazikimbilia. Sisi wa jiolojia ya kawaida tulionekana tumekosa nafasi.

Halafu soko la dunia likageuka. Katikati ya 2014 pipa la mafuta liliuzwa zaidi ya dola 100; mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Bei ikishuka hivyo, kitu cha kwanza ambacho kampuni hukata ni utafiti, na utafiti ndio unaoajiri wahitimu wapya. Mradi wa kusindika gesi kimiminika pale Lindi, ambao vijana wengi walikuwa wameuwekea matumaini, ukaendelea kubaki kwenye mazungumzo mwaka hadi mwaka. Wenzetu wa petroli wakahitimu katikati ya hali hiyo. Walikuwa vichwa kweli kweli, wala hakuna mtu wa kuwalaumu. Wapo waliofika TPDC (shirika la petroli la taifa) na PURA (mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi), wapo waliokwenda nje. Lakini wengi niliowafahamu walilazimika kuanza upya, huyu benki, yule kwenye bima, mwingine akafundisha hesabu shule binafsi.

Mzee mwambie kwa heshima jambo hili moja: ukubwa wa mradi na wingi wa ajira za kudumu ni vitu viwili tofauti. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na ujenzi wake umehitaji wachomeleaji, madereva, wapima ardhi, wahandisi ujenzi na watu wa mazingira. Bomba likishakamilika, wanaobaki kuliendesha ni wachache. Hata kama mradi wa Lindi ukianza kesho, mtoto anayeingia mwaka wa kwanza leo atahitimu baada ya miaka minne, na hakuna anayeijua bei ya gesi ya wakati huo.

Sasa nikueleze jiolojia ilivyonibeba, maana hapa ndipo mdogo wako anapaswa kusikiliza. Nilianza kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Mashine ya kuchoronga inatoa vipande virefu vya mwamba, vinapangwa kwenye masanduku, na kazi yako ni kuvisoma mita kwa mita: aina ya mwamba, mipasuko, mishipa ya kwazi (quartz), mahali madini yanapoanza na yanapoishia. Unachukua sampuli, unaingiza taarifa kwenye kompyuta, na kutokana na taarifa hizo watu wanaamua kutumia mamilioni ya dola au kuacha. Ni kazi ya jua na vumbi, na inafundisha uaminifu, kwa sababu ukiandika kitu ambacho hukukiona, shimo linalofuata litakuumbua.

Mwaka 2017 ukaja na zuio la kusafirisha nje makinikia, ule mchanga wenye madini, pamoja na sheria mpya za madini. Sekta ikatikisika, utafiti ukapungua, na mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Nilipata kazi kwenye kampuni ya kuchimba visima vya maji, na sikulazimika kurudi darasani. Maeneo mengi ya Dodoma na Singida yamekalia miamba migumu ya kale sana. Maji yanapatikana kwenye mipasuko na kwenye tabaka lililooza juu ya mwamba mzima. Anayejua kusoma mwamba anajua aanzie wapi. Unapitisha umeme ardhini, unapima ukinzani wake, unalinganisha na ramani ya jiolojia, ndipo unasema chimba hapa. Hata kemia ya madini niliyoisoma ilinifaa, kwa sababu kuna maeneo ya Singida, Shinyanga na Arusha ambako maji yana floraidi nyingi, na usipopima unaweza kuwapa wanakijiji kisima kitakachowaharibia watoto wao meno na mifupa. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoanza kazi mwaka 2019, visima vya vijijini vikaongezeka na kazi hizo zikawa nyingi zaidi. Sikuwahi kufikiria kwamba kazi itakayonigusa moyo kuliko zote ingekuwa ya maji, na siyo dhahabu.

Huko kwenye visima ndiko nilikojifunza vizuri ramani za kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure, mafunzo yake yamejaa mtandaoni, na laptopu ya kawaida inatosha. Huu ni ujuzi ambao mdogo wako anaweza kuanza nao likizo hii kabla hajafungua chuo, na utamfaa hata akichagua ualimu. Leo ndio unaonilipa.

Kuna jambo ambalo wanaochagua kozi hawaambiwi: jina la shahada lina uzito kwenye ajira za serikali. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada zinazokubalika kwa majina. Mwenye Jiolojia anajikuta kwenye tangazo la Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, la Tume ya Madini, la mabonde ya maji. Mwenye shahada yenye jina refu la kisasa anaweza kuwa na ujuzi uleule na bado akachujwa hatua ya kwanza kabisa. Kwa hiyo kabla ya kujaza maombi, akae na matangazo ya nyuma kwenye mfumo wa ajira, ahesabu ni mangapi yanataja jina la kozi anayoitaka. Ni kazi ya jioni moja tu. Na aulize kozi hiyo inaelekea bodi gani. Mhandisi husajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), mhasibu anatafuta cheti cha CPA cha NBAA (bodi ya wahasibu), mwanasheria hawi wakili bila kupita Law School. Miaka baada ya chuo ni sehemu ya kozi, ingawa haimo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Upande wa mama, ualimu wa sayansi ni kozi nzuri, na ninawaheshimu sana walimu wa fizikia na hesabu, maana mpaka leo shule nyingi hazina wa kutosha. Lakini mama anakumbuka enzi za mhitimu kusubiri kupangiwa shule. Hilo lilikwisha katikati ya miaka ya 2010. Sasa ajira hutoka kwa vibali, na mwalimu naye anafanya usaili. Akienda ualimu, aende kwa sababu anapenda kufundisha na ana moyo wa kukaa na watoto wa watu. Asiende kwa ajili ya bumu, yaani pesa za mkopo. Bodi ya Mikopo haiwakopeshi walimu peke yao, na akishaajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara, awe mwalimu au mwanajiolojia. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, iliwatesa watu mno.

Najua pia kuna hofu ambayo hukuiandika, ya binti kuishi kambi za porini. Nimefanya kazi na wanawake wanajiolojia waliokuwa wakisimamia mashine za kuchoronga usiku, na timu nzima ilikuwa inasubiri neno lao. Ratiba ni ngumu, wiki kadhaa ndani na wiki kadhaa nyumbani, na mwenye mtoto mchanga huumia zaidi. Lakini maabara, ofisi za maji na kazi za ramani nazo zipo, na wengi huhamia huko wakati wa kulea.

Kama mtaamua jiolojia, fildi ya mwaka wa kwanza aitafute mapema, na asikubali kwenda kukaa ofisini kupanga mafaili. Aombe penye mashine, penye sampuli, penye mtu wa kumwelekeza. Kwenye fildi hizo ndiko watu wengi wa fani yetu walikopata kazi zao za kwanza, pamoja na mimi.

Ulitaja daraja, hukutaja alama. Weka hapa alama zake za Kemia, Fizikia na Hesabu, kwa sababu vyuo vinatofautiana, na baadhi huiangalia Kemia kwa namna ya pekee kwenye jiolojia. Ukiziweka leo nitakusaidia kuzilinganisha na mwongozo wa TCU kabla dirisha halijafungwa.